Mkanda wa Jamie, sauti ya Jamie

Kwa sehemu nane za kwanza za tamthilia ya Outlander tuliongozwa na Claire. Sauti ya Caitriona Balfe ndiyo iliyotueleza jinsi mawe ya Craigh na Dun yalivyomng'oa 1945 na kumtupa 1743, na ndiyo iliyotung'ong'onea pembeni kila wanaume wa ukoo wa MacKenzie walipojiona wajanja. Ikaja sehemu ya 9, "The Reckoning", tarehe 4 Aprili 2015, baada ya kituo cha Starz kutuweka roho juu kwa miezi sita. Usukani wa masimulizi akapewa Jamie, mume wa Claire. Msimu una sehemu 16, na waandishi wakaichagua hiyo hiyo ambayo mke anachapwa mkanda na mumewe, wakampa mchapaji aisimulie.

Ulikuwa uamuzi mbovu, na hata leo sijasikia utetezi ulionitosheleza.

Sauti ya msimulizi si pambo la kuziba pengo la picha, ingawa wengi huitumia hivyo, na hilo nimelipigia kelele mara nyingi. Anayesimulia ndiye mwenye kumbukumbu. Yaliyotokea yeye keshayapitia, keshayapima na kuyapa majina. Anayesimuliwa hubaki kuwa mtu wa kufafanuliwa. Riwaya ya Diana Gabaldon ya 1991, iliyozaa tamthilia hii, imeandikwa mwanzo hadi mwisho kwa "mimi" ya Claire. Nayo si malaika: Claire anasamehe upesi mno, na visa vya Jamie vya viboko vya utotoni vimewekwa pale ili kumlainisha msomaji. Lakini maumivu ya kupanda farasi baada ya kipigo tunayasikia kutoka kwa aliyechapwa. Kwenye runinga alinyang'anywa hata hayo.

Turudi kwenye chumba cha nyumba ya wageni ambamo kipigo kinatokea. Jamie anaingia, anaeleza kwa utulivu kosa lenyewe: Claire aliambiwa asitoke alipofichwa, akatoka, akaangukia mikononi mwa Randall, kapteni wa Kiingereza, kule Fort William, na wanaume wote wakahatarisha shingo zao kumtoa. Anavua mkanda. Claire anakataa, anarusha kila anachokifikia, anamtandika teke la uso. Hapo panatosha. Mwanamke anapigania mwili wake, na mwigizaji anayejua kazi anatuonyesha hasira iliyochanganyika na mshangao kwamba mtu huyu, huyu aliyemwoa juzi, kweli atafanya. Ndipo muziki unapoingia. Ni muziki wa kuchezesha miguu, wa harusini, wa panya na paka. Mtunzi wa muziki Bear McCreary kwingineko ananyoosha, lakini hapa ala zake zinamkonyeza mtazamaji: cheka, ni mchezo tu wa wapendanao. Jamie naye anakiri kwamba analifurahia jambo hilo. Ukiunganisha muziki ule na sauti ya msimulizi mwanamume, hakuna pa kusimama ukiwa upande wa Claire, kwa kuwa kila kifaa cha sehemu ile kimeshachukua upande.

Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa nguvu ya mwenye kipaza sauti. Tuliokulia vibandani kwa Lufufu au DJ Afro tunajua kwamba anayetia maneno juu ya picha anaweza kugeuza msiba kuwa kichekesho bila kukata hata shoti moja.

Watetezi husema Jamie ni mtu wa karne ya 18 na tulihitaji kuingia kichwani mwake. Sawa, lakini kaeleza kila kitu kwa mdomo wake mle chumbani kabla ya kuvua mkanda, na Sam Heughan, anayemwigiza, ameyasema vizuri. Tulichokosa ni kichwa cha Claire, muuguzi aliyetoka vitani akiamini kwamba dunia imeshayaacha hayo nyuma. Wengine hunikumbusha kisu: mwishoni Claire anamwekea Jamie ncha kooni na kumwonya asirudie. Balfe anang'aa pale, sibishi. Ila kisu kinatoka katikati ya mapenzi, ndani ya sehemu ambayo mwanamume anaisimulia, na kwa hiyo tishio la Claire linahesabiwa kama hatua moja katika safari ya Jamie ya kukomaa. Hata kiapo anachopiga kwa magoti tunakiona kwa jinsi kinavyomgharimu yeye.

Si kwamba yote ni mabaya. Mavazi ya Terry Dresbach safi. Ugomvi wa Claire na Jamie njiani baada ya uokozi, safi zaidi. Sehemu ya "The Wedding", aliyoiongoza Anna Foerster, ni somo.

Wakongwe walijua uzito wa kuchagua tunaona kwa macho ya nani. Mwaka 1967 BBC2 ilirusha The Forsyte Saga, sehemu 26, picha nyeusi na nyeupe. Katika kitabu cha Galsworthy cha 1906 Irene haingiwi kichwani hata mara moja. Tunamwona kwa macho ya wengine tu, na mumewe Soames anapomlazimisha kitandani, sisi tunapata asubuhi yake Soames na dhamiri inayomsumbua. Waliotengeneza tamthilia wangeweza kujificha nyuma ya mwandishi. Badala yake walituletea tendo lenyewe, pamoja na uso wa Nyree Dawn Porter. Kitabu kilimnyima Irene nafsi, runinga ikampa. Miaka karibu hamsini baadaye, kitabu kilimpa Claire nafsi, runinga ikaipokonya. Halafu mwaka 2016 tamthilia ya Poldark nayo ikachukua usiku wa Ross na Elizabeth, ambao riwaya ya Winston Graham ya 1953 iliuacha gizani, ikaufanya kukataa kunakoyeyuka kwa busu. Lile sijalisamehe hadi leo.

Marekebisho yasingekula hata senti. Mwachie Jamie asimulie mpaka dirisha la Fort William alikoingilia kumwokoa Claire, maana uokozi ule ni wake, na bastola isiyo na risasi aliyoishika ni yake. Mlango wa chumba ukifungwa, zima sauti yake na uzime na muziki. Kesho yake Claire akishuka ngazi kuwakabili wale wanaume, mrudishie masimulizi. Sentensi mbili zake zingetosha. Mwandishi wa sehemu ile alikuwa Matthew B. Roberts, ambaye miaka michache baadaye alikabidhiwa tamthilia nzima. Sikushangaa.