Kalamu Nyembamba za Rangi na Daftari la Nyabugogo

Kalamu ya rangi yenye ncha nyembamba ni chombo cha kuandikia kabla ya kuwa cha kuchorea. Ncha yake, yenye upana wa milimita 0.4 hivi, ni nyuzi zilizobanwa ndani ya mrija mdogo wa chuma. Wino wake ni wa maji, na haihitaji kugandamizwa ndipo itoe rangi. Nyabugogo, penye kituo kikubwa kuliko vyote cha mabasi jijini Kigali, kalamu hizi huuzwa kwa pakiti katika papeteri, yaani maduka ya vifaa vya kuandikia, pamoja na madaftari, rula na karatasi za kufunikia vitabu. Shule zikikaribia kufunguliwa, mzazi anayemsindikiza mtoto wa bweni huchukua pakiti moja huku jicho liko kwenye basi, na anachotazama ni wingi: ya rangi 24 huishinda ya 12. Mtoto hufika shuleni na rangi ambazo hakuna aliyemwambia kila moja ni ya nini.

Historia ya chombo ni fupi. Mwaka 1962, Yukio Horie wa Tokyo alivumbua kalamu ya ncha ya nyuzi iliyofaa kwa hati ya kawaida. Mwaka 1977, kampuni ya Kijerumani ya Schwan-STABILO ikatoa point 88, yenye mwili wa pembe sita na mistari myeupe. Kazi yenyewe, ya kuandika kwa rangi, ni kongwe mno. Mjini Siyu, katika kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, wanakili wa misahafu wa karne ya 18 na 19 walitumia wino mweusi, mwekundu na wa manjano, juu ya karatasi iliyovuka bahari kuwafikia. Huko Lamu, Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa hati iliyowafanya wasomi wa Ulaya wamwagizie kazi kutoka mbali. Mafundi wa namna hiyo walikuwa na rangi mbili tatu tu. Nyeusi ilibeba maneno. Nyingine zilimwonyesha msomaji pa kuanzia na pa kutua.

Nyabugogo, mrithi wa karibu wa elimu hiyo ni daftari la ikimina. Vikundi hivi vya kuweka akiba na kukopeshana vimeenea Rwanda nzima, na miongoni mwa watu wa soko havikosekani. Kila kikundi kina katibu, na katibu ana daftari lake kubwa la jalada gumu. Vyeo vingine hupigiwa kura kwa kelele, lakini ukatibu humwendea yule ambaye mkono wake unajulikana.

Katibu hodari haandiki jina hata moja kabla hajaligawa daftari. Huweka rula, akashusha safu moja baada ya nyingine: majina kushoto, wiki juu, jumla kulia. Mistari hii hupigwa kwa rangi iliyopoa, kijivu au bluu ya mbali, ili isigombane na yatakayojazwa. Kisha rangi hugawiwa kazi na kazi hizo hazibadilishwi mpaka daftari liishe. Chukua mpango wa kawaida: mchango bluu, mkopo zambarau, faini ya kuchelewa nyekundu, na aliyemaliza deni huzungushiwa kijani. Nne zinatosha. Mwanachama ambaye kusoma kunamwia vigumu huona hali yake ukurasa ukifunguliwa tu, na walioketi naye huiona pia, jambo linalofanya kazi ambayo hotuba ya mwenyekiti haiiwezi.

Kuna jambo moja dogo katika madaftari hayo linalostahili kusifiwa peke yake, nalo ni mstari wa kufunga mwezi. Hupigwa chini ya jumla, mara mbili, mistari miwili iliyokaribiana kiasi kwamba tarakimu haiwezi kupenyezwa katikati. Ni kinga dhidi ya udanganyifu. Lakini kinga hiyo ingepatikana hata kwa mistari iliyopinda, na katibu mwenye fahari haipindi. Hushika kalamu wima, huiburuta kwa mwendo mmoja bila kusita, kwa kuwa wino wa maji ukisubirishwa mahali pamoja hutanda na kuacha doa. Akifika mwisho huinua kalamu kwanza, rula baadaye. Anayeinua rula kwanza huvuta utepe wa wino juu ya jumla aliyoitolea jasho. Hakuna mwanachama atakayelipwa zaidi kwa unyofu wa mstari ule. Hupigwa hivyo kwa sababu fedha za watu zimo juu yake.

Adabu nyingine za kalamu hii ni chache na hazifundishwi popote. Rangi hafifu hutangulia, nzito hufuata. Njano ikipita juu ya nyeusi mbichi huinywa, na ncha haitakasiki upesi. Kifuniko hurudishwa kila mara, kwani ncha iliyoachwa wazi hukauka. Mkono mzito huipondaponda mpaka mstari unakuwa mnene kama wa kalamu ya ncha pana.

Maji ndiyo adui mkubwa, na Nyabugogo ni mahali pa maji. Bonde hili hupokea mto wa Nyabugogo pamoja na mtaro wa Mpazi unaoteremka kutoka vilima vya Nyamirambo na Kimisagara, na mvua kubwa za itumba, msimu wa masika, zimewahi kuyafurisha maduka ya hapa mara nyingi. Tone moja hugeuza safu ya bluu kuwa wingu. Ndiyo maana tarakimu huandikwa kwa biki, ambayo wino wake ni wa mafuta, na kalamu za rangi huachiwa mistari, duara na alama. Daftari likilowa, rangi hupotea lakini hesabu hubaki.

Katika kutia rangi michoro, kalamu hii ina mipaka, na heri mipaka hiyo. Haifai kufunika eneo pana; karatasi ya daftari la shule ikipitiwa mara tatu hukwaruzika na kutoa vinyweleo. Mahali pake ni pembe na vichochoro, na Rwanda ina sanaa inayoihitaji hasa: imigongo ya Gisaka, ambayo wanawake wa upande wa Kirehe huifinyanga kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, kisha huipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Mtoto anayenakili imigongo kwa kalamu nyembamba hujaza pembetatu kwa mistari iliyolala upande mmoja, akiacha nyeupe ya karatasi ifanye kazi ya chokaa. Rangi tatu humtosha. Kalamu nyingine 21 zikae kwenye pakiti.

Lakini hazikai. Tangu mwaka 2013, Ryder Carroll wa Marekani alipoutangaza mtindo wake wa shajara ya alama fupifupi, kazi iliyokusudiwa kuwa ya haraka na wino mmoja imegeuzwa na wafuasi wengi kuwa maonyesho: kurasa zenye rangi zote, zilizopigwa picha kabla ya kuandikwa neno. Mwaka huohuo Rwanda ilianza kuwadai wafanyabiashara wa kodi ya ongezeko la thamani watoe risiti za mashine, na mwaka 2015 kadi za kulipia nauli za Tap&Go zikaingia katika mabasi ya Kigali. Mkono ukapungukiwa na shughuli. Michango ya ikimina nayo hupita kwenye simu, na ujumbe huandika kiasi, jina na saa bila kukosea.

Ujumbe huo hauandiki kila kitu. Katika daftari, faini ya aliyechelewa kwa sababu ya msiba hutiwa alama nyekundu kama za wengine, kwa kuwa sheria ni sheria, kisha hukatwa kwa kijani baada ya wanachama kukubaliana. Alama hizo mbili hubaki pamoja, kosa na msamaha, na anayefungua ukurasa miaka baadaye huziona zote. Kwenye simu faini iliyosamehewa haitumwi, kwa hiyo haionekani kabisa.