Ustadi wa Kukinga Mkojo

Maabara zetu huipa damu heshima yote, ilhali mkojo hufika ndani ya kopo lililofichwa kwenye mfuko, na mwenyewe hulikabidhi akiwa ameinamisha uso. Ninausifu hapa ustadi wa wanaojua kuukinga, kuutunza na kuupima, kwa kuwa kuna habari moja ya mishipa ya damu ambayo mkojo huieleza kwa ukweli zaidi kuliko damu yenyewe. Habari hiyo ni kuamka kwa chembe sahani, zile chembe ndogo zisizo na kiini zinazoishi siku 7 hadi 10 zikingoja jeraha la kuziba. Zikiamka hutoa thromboksani A2, ambayo Mats Hamberg, Jan Svensson na Bengt Samuelsson waliieleza mwaka 1975 kule Uswidi. Kemikali hii huziita chembe nyingine na kubana mishipa, lakini kila baada ya sekunde 30 hivi nusu yake huwa imekwisha kugeuka thromboksani B2, isiyo na nguvu tena.

Kwa nini basi tusiipime hiyo B2 katika damu? Kwa sababu kazi ya chembe sahani ni kuitikia jeraha, na sindano ni jeraha. Mshipa ukitafutwa mara mbili, au damu ikivutwa kwa nguvu, chembe huamka ndani ya bomba, na tarakimu inayosomwa huwa imetokana na mkono wa mchukuaji. Mwili, kwa upande wake, huendelea kuichakata B2 kwa vimeng'enya vyake hadi ipatikane 11-dehidro-thromboksani B2, ambayo figo huitoa polepole. Sindano haiwezi kuighushi hiyo. Kopo la mkojo linabeba jumla ya yaliyotokea kwa saa kadhaa bila mtu kuligusa tukio lenyewe, na sijui njia nyingine ya kupima yenye adabu kama hii.

Adabu hiyo ina gharama. Mkojo wa saa 24 unataka ule wa kwanza wa asubuhi umwagwe, kisha kila tone likingwe hadi saa ileile kesho yake. Anayesahau mara moja chooni kazini ameharibu hesabu nzima. Ndiyo maana wengi huchukua mkojo wa mara moja na kugawanya kiasi cha thromboksani kwa kiasi cha kreatinini, ili aliyekunywa maji mengi asionekane mzima kwa sababu tu mkojo wake ni mwepesi. Mpinzani atasema kreatinini hutoka kwenye misuli, hivyo bibi kizee aliyekonda atapata uwiano mkubwa kuliko kijana mpagazi hata chembe zao zikiwa sawa. Ni kweli. Lakini mgonjwa akilinganishwa na yeye mwenyewe, kabla ya dawa na baada yake, misuli ni ileile na hoja hiyo hupungua makali. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba si thromboksani yote hutoka kwenye chembe sahani: aspirini ya dozi ndogo huishusha sana, lakini haiifuti, kwani seli nyingine nazo huitengeneza. Hata hivyo, mwaka 2002 mtafiti Eikelboom na wenzake walipochunguza mkojo wa wagonjwa waliokuwa wakitumia aspirini, robo yenye kiwango cha juu kabisa ilikuwa na hatari mara 1.8 ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo na mishipa, ikilinganishwa na robo ya chini. Kipimo kisicho safi kabisa kilikuwa kimeona jambo la kweli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikabidhiwa chombo cha saa 24, andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Na ukikosa kukinga hata mara moja, mwambie mtu wa maabara, naye atakupa chombo kingine uanze upya.