Litungu, Daftari na Jembe

Mazoea yetu ya chuoni ni kumwita mmoja msanii, wa pili mtafiti wa mila, na wa tatu mkulima. Katika wilaya za Tarime na Serengeti aghalabu mtu mmoja hubeba majina yote matatu. Basi hapana budi mhakiki aulize: katika kuvibeba vyote, ni kipi kimpacho nguvu, na kipi kimlemeacho?

Tutazame litungu la Wakurya. Lina nyuzi nane juu ya bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Mpigaji hujifunza kwa kuketi karibu na mkubwa wake, kisha huitwa arusini, penye pombe ya majirani, na katika sherehe za tohara. Msimu wa kulima humnyima nafasi. Mavuno humrudishia wasikilizaji. Lakini jembe halimwibii saa tu, bali humpa maneno pia. Aimbapo sifa za jirani au amsutapo mvivu, anajua asemalo, kwa kuwa ameshinda nao shambani.

Upande wa daftari tunacho kitabu *Telling Our Own Stories*, kilichohaririwa na Jan Bender Shetler na kuchapishwa mwaka 2003. Ndani yake mna historia za Mara ya kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Hiyo ndiyo fahari yake: utafiti umefanywa na watu ambao habari hizo ni za babu zao. Hata hivyo karatasi huhifadhi nasaba na safari za koo kwa urahisi kuliko inavyohifadhi mlio. Haielezi mahali mwimbaji aliponyamaza ili uzi umjibu. Upungufu huo si wa mhariri. Ni wa karatasi, na mpigaji ajuaye kuandika angeweza kuupunguza.

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba wimbo ukitengwa na shughuli yake hufa. Rai hii yapendeza mpaka ufike msimu wa tohara, ambao aghalabu huangukia Desemba. Hapo mpigaji huenda akaitwa kwenye furaha ya nyumba ambayo binti yake amekeketwa, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 imelikataza kwa walio chini ya miaka 18. Akikataa, apoteza ujira na labda ujirani. Akikubali, sauti yake yawa sehemu ya tendo. Naye mtafiti anayerekodi bila kusema neno, akijitetea kuwa anahifadhi utamaduni, hana haki ya kujiona yu kando.

Kwa maoni yangu rai ile ni nusu ya ukweli. Litungu lenyewe huhama kutoka arusi hadi pombe, na kutoka pombe hadi jukwaani, wala halijafa. Kadhalika huko Masanga, wilayani Tarime, wasichana wamekuwa wakipewa hifadhi na mafunzo ya utu uzima kambini, wakahitimu kwa sherehe bila kisu. Na Mugumu, wilayani Serengeti, ipo nyumba ya kuwapokea wanaokimbia. Ikiwa mafunzo yameweza kuachana na wembe, wimbo nao waweza.

Basi mizani tunayoitafuta si kugawa saa sawasawa kati ya ala, daftari na shamba. Ni kujua, kila siku, mambo yapi ya maisha yetu yastahili kuimbiwa. Mwanafunzi aendaye Tarime au Serengeti kunakili nyimbo asiishie kwenye maneno na nyuzi. Aandike pia ni nani aliyemwita mpigaji, alipewa nini, aliacha kazi gani nyumbani, na wimbo ule ulimfurahisha nani na kumuumiza nani. Asipoyaandika hayo, atakuwa amerudi na mlio, akamwacha mtu.