Mafundi wa misumeno wa Bafwasende

Pongezi zangu ziende kwa mafundi wa Bafwasende, kando ya barabara ya kutoka Kisangani kwenda Nia-Nia, wanaofufua misumeno ya mnyororo ambayo wengine wangeiuza kama chuma chakavu. Lebo imefutika, rangi imebabuka, nusu ya skrubu si zake. Ni Stihl 070 au 090? Kwa nje zinafanana kama pacha. Fundi hamsikilizi muuzaji (kwa muuzaji kila mashine ni 090). Hufungua silinda akapima kipenyo. Milimita 58 ni 070, injini ya sentimita za ujazo 106. Milimita 66 ni 090, yenye 137.

Kazi ninayoiheshimu zaidi huja baadaye: kutafuta kilichoiua mashine. Kubadilisha pistoni iliyokwaruzika hakutoshi. Sili za krenki zikinyonya hewa, petroli huzidiwa, na mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa humo hupungua. Joto hupanda, pistoni mpya nayo huungua. Kwa hiyo sili kwanza, kisha kabureta.

Mashine ikinguruma, gogo la mvule hupasuliwa mbao palepale lilipoangukia. Na bado mteja atabishania bei ya ringi ya pistoni.