Unene wa konea: namba inayotegemea mkono

Pale soko la Soweto, Mbeya, mnunuzi wa viazi haanzi kwa kutazama gunia. Anatazama mshale wa mzani: uko kwenye sifuri, au umeshapanda kabla mzigo haujawekwa? Mama mmoja mwenye meza sokoni hapo aliniletea kadi 2 za macho, kila moja ya kituo chake. Ya kwanza iliandika unene wa konea ya jicho la kulia ni mikroni 541. Ya pili, mwezi mmoja baadaye, 512. "Mwanangu, kumbe na jicho nalo linakonda?"

Halijakonda. Konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ina unene wa kama nusu milimita tu katikati, na hupimwa hasa kwa ajili ya presha ya macho. Kifaa cha Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, kilichotoka miaka ya 1950, hubonyeza konea mpaka duara la milimita 3.06 liwe bapa. Nguvu iliyotumika ndiyo inayosomwa kama presha. Hesabu yake ilichukulia konea ya mikroni 520 hivi. Konea nene hukaidi, presha ikasomeka juu. Nyembamba hunywea upesi, presha ikasomeka chini, na mgonjwa akarudi nyumbani ameambiwa yuko salama.

Utafiti mkubwa wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2002 kwa watu 1,636 wenye presha ya macho iliyo juu, ulionyesha kuwa wenye konea ya mikroni 555 kushuka chini walikuwa na hatari ya glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara 3 ya wale waliozidi 588. Washiriki weusi walikuwa na wastani wa kama 556, wengine 579. Tofauti ni mikroni 23. Kwetu nako ugonjwa si wa kusimuliwa: uchunguzi wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa asilimia 4.16 ya watu wa miaka 40 kwenda juu.

Sasa tazama kipimo chenyewe. Kwenye altrasaundi, mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, kisha ncha ya kifaa kinachofanana na kalamu huguswa katikati ya konea. Sauti hurudi mara mbili, kutoka uso wa mbele na uso wa nyuma. Mashine huhesabu muda kati ya mwangwi huo na ule, ambao haufiki hata sehemu 1 ya milioni ya sekunde, na kupiga hesabu kwa kasi ya mita 1,640 kwa sekunde. Mtu akiiacha kwenye mita 1,550, mikroni 540 zinageuka 510. Mikroni 30 zimepotea, na hakuna aliyegusa jicho vibaya.

Mkono nao una yake. Kalamu ikilala upande, sauti hupita njia ndefu, namba ikapanda. Ikitoka katikati, inapanda tena, maana konea hunenepa kuelekea pembezoni. Kosa la mkono huongeza zaidi ya kupunguza. Usiku, kope zikiwa zimefungwa, konea huvimba kidogo, kisha hupungua saa za mwanzo baada ya kuamka. Mashine za mwanga nazo hutoa namba zake, ambazo si za kuchanganywa na za altrasaundi.

Kadi ya 541 ilikuwa na kipimo 1, bila saa wala jina la kifaa. Ya 512 ilikuwa na vipimo 5, kati ya 508 na 515. Mimi naiamini zaidi ya pili, lakini kwa tahadhari: mzani mbovu nao hutoa kilo zilezile mara 5. Vipimo kukubaliana hakuthibitishi kwamba mashine imekaguliwa.

Siungi mkono zile fomula za kuongeza au kupunguza presha kwa kila mikroni. Konea ni nyembamba, ya kati au nene. Hiyo inatosha kumwambia daktari mgonjwa gani afuatiliwe kwa karibu. Wahudumu wa macho, andikeni kwenye kadi kifaa, saa na idadi ya vipimo.

Mama anarudi kwenye mashine ya pili, saa 4 asubuhi. Huamka saa 10 alfajiri kupokea malori, hivyo uvimbe wa usiku utakuwa umeshapungua.