Picha ya Marehemu Ina Mwenyewe

Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten tarehe 13 Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kukimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1 na kuvunja rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Kelvin Kiptum alifariki ajalini karibu na Kaptagat usiku wa 11 Februari 2024; rekodi yake ya marathoni, 2:00:35, ilikuwa imeidhinishwa siku tano kabla. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda, alifia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret tarehe 5 Septemba mwaka huohuo. Wafiwa walikuwa hata hawajamaliza kupanga maziko, na tayari watu wasiowajua walikuwa wameandika upya makala za Wikipedia kuhusu wapendwa wao. Penye “ni mwanariadha” pakawa “alikuwa mwanariadha”, kisha ikafuata sehemu nzima kuhusu kifo.

Familia inayokuta humo picha isiyofaa au sentensi ya uzushi hutaka kwanza kufuta. Kiufundi, hakuna njia dhaifu kuliko hiyo. Wikipedia huhifadhi kila toleo la ukurasa pamoja na saa ya badiliko na akaunti iliyolifanya. Aya ikiondolewa bila maelezo, mhariri wa kujitolea huirudisha kwa kubofya mara moja, na katika toleo la Kiingereza ipo programu iitwayo ClueBot NG inayorudisha uharibifu bila kungoja binadamu. Ndugu akifuta tena na tena, akaunti yake hufungiwa na ukurasa hulindwa dhidi ya akaunti mpya. Tangu hapo aliyefukuzwa mlangoni ni ndugu huyohuyo, na sentensi aliyoichukia imebaki ndani.

Mahakamani nako hakuna la kutegemea sana. Sheria ya Marekebisho ya Sheria ya Kenya, Sura ya 26, inaruhusu madai mengi ya marehemu yaendelee kwa faida ya mirathi yake, lakini imeyatoa madai ya kuharibiwa jina. Heshima ya mtu, kwa macho ya sheria, huzikwa naye. Kwa hiyo zimebaki nyenzo mbili zenye nguvu: kanuni za wahariri wenyewe, na hakimiliki ya picha.

Kanuni kwanza. Mwaka 2005 mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler aligundua kwamba makala ya Wikipedia ilikuwa imemhusisha na mauaji ya ndugu wawili wa familia ya Kennedy. Uongo huo ulikaa miezi kadhaa bila kuguswa. Kutokana na aibu hiyo ikatungwa kanuni ya wasifu wa watu walio hai: dai lenye ubishi lisilo na chanzo cha kuaminika liondolewe mara moja, bila kungoja mjadala. Kanuni hiyo humfunika pia aliyefariki karibuni, kwa miezi sita, mwaka mmoja, au miaka miwili kwa mbali kabisa.

Hapo pana jambo linalonikera. Mume wa Tirop alishtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu ya Eldoret na akakana shtaka. Ni haki kabisa kwamba kanuni inamlinda dhidi ya kuitwa muuaji kabla ya hukumu, na itaendelea kumlinda maadamu yu hai. Lakini kinga ya marehemu mwenyewe ina mwisho, na kesi za mauaji Kenya huchukua miaka. Familia inayotaka kuitumia kanuni hii isisubiri arobaini ipite.

Namna ya kuitumia ni kwenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala husika, si kwenye makala yenyewe. Ndugu hujitambulisha kuwa ni ndugu, kwa kuwa Wikipedia ina kanuni ya mgongano wa maslahi, na anayejificha akifichuliwa hupoteza imani ya wote. Kisha ananukuu sentensi yenye kasoro, anasema kasoro ni ipi, na anaonyesha gazeti lililochapisha habari sahihi. Kauli ya “sisi ndio familia, tunajua” haihesabiwi kuwa chanzo. Familia ileile ikizungumza na mwandishi wa gazeti na maneno yake yakachapishwa, maneno hayo yanaweza kunukuliwa. Baada ya kifo cha Kiptum, baba yake aliwaambia wanahabari kwamba watu wasiojulikana walikuwa wamefika nyumbani wakimtafuta mwanawe, na polisi walieleza kwamba gari lilimshinda dereva. Makala inaweza kubeba kauli zote mbili, kila moja na msemaji wake. Isichoweza ni kuziunganisha ili kuzaa tuhuma ya tatu ambayo hakuna aliyeitamka.

Sasa picha, ambako watu wengi hukosea. Kuwemo pichani hakukupi hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ulinzi wa picha nchini Kenya hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa, lolote litakalokuwa la mwisho. Picha ya Kiptum akikata utepe Chicago ni ya mpiga picha au shirika lake. Picha ambayo familia ilimwagiza mwenye studio aipige huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa walikubaliana vingine. Selfi ni ya aliyeipiga, na akifariki inaingia kwenye mirathi yake kama shamba au gari. Picha aliyopiga binamu kwa simu yake ni ya binamu, hata kama marehemu ndiye aliyejaa fremu nzima.

Ndiyo maana mtu akichukua picha kutoka Facebook ya familia na kuipakia Wikimedia Commons, ile hifadhi ya picha inayolisha Wikipedia, akidai ni kazi yake, malalamiko ya uchungu huweza kujadiliwa wiki nzima, ilhali ushahidi wa wizi wa hakimiliki huiondoa picha upesi. Ushahidi wenyewe ni faili asilia lenye tarehe na aina ya kamera ndani yake. Nakala iliyopitia WhatsApp huwa imevuliwa taarifa hizo na kupunguzwa ukubwa, kwa hiyo haisaidii. Faili asilia, kwa upande mwingine, laweza kubeba taarifa za mahali hasa ilipo nyumba ya marehemu. Taarifa hizo za mahali zifutwe kabla ya kulituma popote.

Nafasi ya picha ikibaki wazi, mtu atajitokeza kuijaza. Bora familia ijaze yenyewe kwa picha moja iliyo safi. Mwenye hakimiliki huipakia Commons, kisha hutuma barua pepe kwa kikosi cha kujitolea kinachotunza vibali, akitaja faili, umiliki wake na leseni aliyochagua. Asome leseni hiyo kabla ya kutuma: inaruhusu hata matumizi ya biashara, na haiwezi kuondolewa baadaye. Picha ya kitandani hospitalini au ya jeneza isitolewe kamwe.

Maelezo ya picha nayo yaandikwe kwa majina kamili, kwani majina yetu ya Kikalenjin hujirudia. Agnes Jebet Tirop na Agnes Jebet Ngetich wote wameshika rekodi za dunia za kilomita 10. Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi aliyefariki ajalini Nandi mwaka 2018, anashiriki jina na Kipyegon Bett, mkimbiaji wa mita 800 aliyefariki 2024. Mashine ya kutafuta haijui ukoo. Ikikuta “Bett” na fulana ya Kenya, inaweza kubandika sura ya mmoja kwenye wasifu wa mwingine.

Mwisho kuna suala la lugha. Kosa likirekebishwa katika toleo la Kiingereza halijirekebishi katika Kiswahili, kwa kuwa kila toleo lina ukurasa wake na wahariri wake, na wetu ni wachache mno. Msomaji mwenye akaunti afungue leo makala ya Kiswahili ya mkimbiaji mmoja aliyefariki na kuiweka kwenye orodha ya kurasa anazofuatilia, ili apate taarifa kila inapobadilishwa.