Ngoma Kabla ya Chama: Vikundi vya Wanawake wa Kariakoo katika Harakati za Uhuru

Uhakiki wa nyimbo za harakati za uhuru umezoea kuanza na maneno: mhakiki huchambua fani na maudhui, kisha huonesha namna wimbo ulivyobeba ujumbe wa chama. Sehemu hii inadai kwamba, kwa wanawake wa Kariakoo na mitaa jirani, utaratibu huo unapotosha. Ngoma ilikitangulia chama, na mchango wake mkubwa ulikuwa taratibu zake kuliko maneno ya nyimbo zake.

TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Susan Geiger, katika TANU Women (1997), anaonesha kuwa vikundi hivyo vilikuwa vimekwisha kuwaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali kwa lugha ya Kiswahili. Vilikuwa na viongozi, michango, sare na desturi ya kualikana. Chama kiliukuta umoja huo, hakikuubuni.

Hoja ya Geiger ina uzito kwa sababu inawatambua wanawake kuwa waasisi wa siasa, si wapambe wake. Hata hivyo, ushahidi wake mkuu ni masimulizi ya maisha yaliyokusanywa miaka mingi baadaye, wakati Bibi Titi alikuwa amekwisha kufungwa kwa uhaini na kusamehewa mwaka 1972. Masimulizi hayo nayo ni utendaji: msimulizi huchagua la kusema kwa kumzingatia anayemsikiliza. Hayafai kusomwa kama kumbukumbu za kikao.

Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), anatupa njia ya kuliziba pengo hilo. Katika taarabu, anaonesha, maana ya wimbo huamuliwa pia na mtazamaji anayeinuka kutuza. Siasa ya wimbo, basi, haimo katika beti pekee; imo katika nani anainuka, mbele ya nani, na kwa mwaliko wa nani.

Kigezo hiki kinafichua badiliko la baada ya uhuru. Mwaka 1962 iliundwa wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa, na mwaka huohuo UWT ikaanzishwa. Ngoma ikawekwa katika ratiba ya mapokezi na sherehe za kitaifa. Sifa zinazoimbwa zingeweza kubaki zilezile, lakini mwenye kualika akageuka mwalikwa. Uchambuzi wa maudhui pekee hauwezi kuliona badiliko hilo, nao humalizia kwa kuzihesabu nyimbo za wanawake kuwa mali ya chama.

Kwa hiyo, utafiti huu unapendekeza kwamba mhakiki aandike kwanza nani aliita ngoma, nani aliigharimia na nani aliinuka kutuza. Maneno ya wimbo yafuate baada ya hapo.